Nani Aambiwe Kwanza: Historia ya Mahafali Birongo

Miongoni mwa watu wa Birongo, katika wadi hiyo ya Nyaribari Chache huko Kisii, Kenya, ambayo ardhi yake imefunikwa kwa migomba, chai na vishamba vya mahindi vilivyogawanywa baina ya ndugu hata havigawanyiki tena, kuhitimu kwa mtoto hakujapata kuwa jambo la mtoto peke yake wala la wazazi wake peke yao. Na mtu atakaye kufahamu kwa nini kadi moja ya mwaliko wa mahafali huweza kuzua furaha na manung'uniko kwa wakati mmoja, hana budi kuanza nyuma sana, kabla ya vyuo vikuu, kabla ya shule, kabla hata ya herufi ya kwanza kuandikwa ubaoni katika nchi ya Abagusii. Desturi ya kutangaza kwamba kijana ametoka daraja moja akaingia nyingine, na ya kuwalisha watu kwa sababu hiyo, ilikuwako kitambo, na shule ilipokuja iliikuta, ikaivika joho.

Philip Mayer, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi katika nchi ya Abagusii na kuchapisha mwaka 1953 makala marefu juu ya jando lao, aliyaandika mambo ambayo wazee wa Nyaribari waliyajua bila ya kuandikiwa. Mvulana aliyekuwa bado kutahiriwa, yaani omoisia, aliamshwa kabla ya mapambazuko, akaogeshwa kwa maji ya mto yenye baridi kali, akapelekwa mbele ya mti ambapo alitahiriwa amesimama, huku ndugu zake wakubwa wakimwelekezea silaha na kumwonya asitikisike wala asipepese jicho. Na alipokwisha kustahimili, kundi lilirudi nyumbani likiimba wimbo wa esimbore, ambao sauti yake ilipanda vilima mbele ya waimbaji wenyewe. Tangazo la mwanzo la kuhitimu katika nchi hii, kwa maoni yangu, ni wimbo huo. Mama aliyekuwa akingoja uani hakuhitaji mjumbe wala barua, kwani aliposikia wimbo njiani alijua kwamba mwanawe hakukimbia, na majirani waliposikia walijua kwamba wanapaswa kuja.

Baadaye yalikuja majira ya kumbi. Vijana walikaa nyumbani mwao kwa faragha wapata mwezi, moto uliowashwa siku ya kwanza ukilindwa usizimike, na majani ya esuguta yaliyopandwa ndani yakimwagiwa maji yasinyauke, na juu yao akasimama omosegi, kijana aliyewatangulia katika jando, aliyewaongoza, akawafundisha, na kujibu mbele ya wazee ikiwa lolote lilikwenda mrama. Siku ya kutoka, wazee waliwabariki, chakula kikapakuliwa, pombe ya wimbi ikanywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Na katika karamu hiyo kila mtu alijua kiti chake kwa kadiri ya kazi aliyoifanya. Nataka msomaji alishike jambo hili, maana ndilo mzizi wa yote yatakayofuata: kijana hakujitangaza mwenyewe, alitangazwa na wale waliosimama naye, na karamu ilikuwa kwanza haki yao waliokesha, ndipo ikawa furaha ya wapitao njia.

Baada ya kutoka kumbini ndipo kijana, ambaye sasa aliitwa omomura, alipoingia chini ya sheria ya chinsoni, yaani zile kanuni za haya na staha ambazo hutenga kizazi cha baba na kizazi cha mwana. Hakuingia tena chumba walalamo wazazi wake. Hakutamka mbele ya baba yake neno la utani wala neno la mwili. Na baba naye, mwanawe akisha kuoa, hakukanyaga kizingiti cha nyumba ya mwanawe kwa jambo la mzaha. Lakini baina ya mjukuu na babu yake au bibi yake, hao sokoro na magokoro wa Kigusii, utani ulikuwa halali, na maneno yaliyozuiwa kwingine yalipita hapo bila ya kipingamizi. Kutokana na kanuni hizo ikajengeka njia ya habari, ambayo wageni wengi hawaioni. Habari ya heshima ya kijana haikutoka kinywani mwa kijana kwenda sikioni mwa baba, kwa sababu hiyo ingekuwa kujisifu mbele ya mtu wa kustahiwa; wala baba hakumsifu mwanawe usoni, kwa sababu hiyo ingekuwa kuvunja haya. Habari ilipitia kwa bibi. Mjukuu alimwambia magokoro, naye magokoro, aliyekuwa na ruhusa ya kushangilia, kupiga vigelegele na hata kumtania mjukuu kwamba sasa atafute mke, aliitoa ikaenea. Nimeona katika zama zetu hizi wahitimu wenye shahada mbili ambao, bila ya kufundishwa na mtu, bado humwendea bibi kwanza jikoni, ilhali baba yuko barazani na redio yake. Na sioni kwamba wanafanya hivyo kwa mapenzi tu, bali wanafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi.

Kisha ikaja shule. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua kituo chao Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato wakakaa Nyanchwa muda mfupi baadaye, vyote viwili karibu na mji wa Kisii. Wanafunzi wao wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, na kwa miaka mingi kusoma na kubatizwa yalikuwa jambo moja. Kwa hiyo siku ya ubatizo, ambapo msomaji alijibu maswali mbele ya watu, akapewa jina jipya na cheti, ndiyo iliyokuwa mahafali ya kwanza ya karatasi katika nchi hii. Wenyeji wa pwani walikuwa na jambo lililokaribia hilo karne nyingi kabla ya hapo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, alieleza jinsi mzazi alivyompeleka mtoto chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani, na jinsi mwalimu alivyostahiki ada yake mtoto alipofikia khitima. Huko pwani hakuna aliyedhani kwamba karamu ya khitima ni ya kumsifu mtoto kabla mwalimu hajapata haki yake. Watu wa milimani hawakuyachukua hayo kutoka pwani. Lakini mtu akiyaweka mambo haya mawili pamoja ataona adabu moja: aliyefundisha na aliyegharimia hutangulia, aliyefundishwa hufuata.

Kuanzia miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipofungua shule ya Waafrika mjini Kisii, na Abagusii pamoja na watu wa Meru walipokuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, elimu na fedha zilianza kutembea pamoja. Baada ya kahawa ilikuja pareto, maua yake meupe yakichumwa na akina mama na watoto kwa vidole, na baada ya pareto chai. Na kila zao lilikuwa na majira yake ya malipo, ambayo kalenda ya ada za shule ililazimika kuyafuata. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliwachuja watoto kwa ukali ambao vijana wa leo hawawezi kuukadiria. Aliyefaulu alipata barua ya kuitwa, na barua hiyo, iliyofika kwa anwani ya shule au ya kanisa kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na sanduku la posta, ilisomwa na watu wengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Mwalimu mkuu aliisoma, mwinjilisti akaitangaza baada ya ibada, na mtoto akairudisha nyumbani ikiwa imekwisha kukunjuliwa na kukunjwa mara nyingi. Hakuna aliyelalamika kwamba siri yake imetolewa, kwa sababu haikuwa siri. Ilikuwa habari ya wote ambao ada yake ingetoka mifukoni mwao.

Juu ya ngazi hiyo kulikuwa na Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na kisha Amerika. Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege iliyopangwa na Tom Mboya iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda vyuo vya Marekani, na ndege nyingine zikafuata katika miaka michache iliyoandamana. Nauli na vifaa vya safari za wanafunzi wa zama hizo, ndege hizo zilipokuwa hazitoshi au haziko, vilikusanywa vijijini. Hapo ndipo ilipozaliwa sura ya pili ya jambo letu, ambayo wakati wa uhuru mwaka 1963 ilipewa jina la harambee na Mzee Jomo Kenyatta, na kukubaliwa katika Gusii kwa bidii ambayo sehemu chache za Kenya ziliishinda.

Harambee ya kumpeleka mtoto masomoni ilikuwa na taratibu ambazo sikuona mtu akiziandika kwa ukamilifu, nami naona ni hasara. Meza iliwekwa kivulini, na juu yake daftari la mistari kama lile la mwanafunzi, na kando yake akakaa mwandishi ambaye aghalabu alikuwa mwalimu wa shule, kwa sababu ya hati yake nzuri. Kila mtoaji alitamkwa kwa jina lake kamili pamoja na alichotoa. Aliyekuwa na shilingi alitoa shilingi. Asiyekuwa nazo alileta kuku, debe la wimbi, mkungu wa ndizi, na vitu hivyo vikanadiwa papo hapo, mnunuzi akiandikwa na mtoaji akiandikwa, hata jogoo mmoja aliweza kununuliwa na kurudishwa mezani na kununuliwa tena mpaka akawa na thamani ya mbuzi. Mzee aliyesema tu maneno ya baraka, bila ya kutoa senti, naye aliandikwa. Siku hiyo mtoto mwenyewe alikaa kimya mahali penye kuonekana, akisikia jina baada ya jina. Na wazazi wake walijua, bila ya kuambiwa, kwamba kila jina lililosomwa ni deni ambalo halitalipwa kwa fedha.

Deni hilo lililipwa kwa habari. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa maana halisi ya tangazo la kuhitimu katika vijiji vya Birongo: kumrudia kila mtu aliyemo daftarini na kumwambia kwamba kitu chake hakikupotea. Baba mwenye busara alilitoa daftari sandukuni mtoto alipomaliza, akalipitia ukurasa kwa ukurasa pamoja na mkewe, wakakumbushana ni nani amekwisha kufariki, ni nani amehamia Transmara au Nairobi, na ni nani ambaye tangu harambee ile waligombana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Huyu wa mwisho ndiye aliyeendewa mapema kuliko wengine, na si mara moja ugomvi wa mpaka ulikwisha kwa sababu ya shahada. Walioandikwa waliambiwa kwa mdomo, nyumbani kwao, kabla ya wasioandikwa kusikia sokoni. Ikiwa aliyetoa alifariki, mjane wake au mwanawe mkubwa aliambiwa badala yake, na maneno yaliyotumika yalikuwa maneno ya kurudisha amana. Hidaya haikudaiwa, wala bahasha haikutazamiwa. Mwenye kuhitimu ndiye aliyekuwa mdaiwa, na mdaiwa haombi.

Miaka ya 1970 na 1980 iliitia desturi hii majaribu ya umbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake mwaka 1970, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na kwa kuwa katika zama za Kenyatta na Moi Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa vyuo vikuu vya umma, siku ya mahafali ilikuwa siku ya serikali, yenye askari, bendi na kusimama juani kwa saa nyingi. Kutoka Kisii kwenda Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na nauli ya watu wawili ilitosha kumlipia mdogo mtu ada ya muhula. Kwa hiyo wazazi wengi hawakwenda, au alikwenda mmoja, na joho lililokodiwa chuoni lilirudishwa chuoni. Lililofika Birongo ni picha, iliyopigwa studio mbele ya pazia lililochorwa bustani, ikatiwa katika fremu na kutundikwa sebuleni juu ya kalenda. Karamu ilifanywa nyumbani wiki kadhaa baadaye, mhitimu akiwa amevaa suti au gauni la kawaida. Na kwa kuwa watu hawakuwa wameshuhudia chochote kwa macho, ilibidi waelezwe, na maelezo hayo yakawa kiini cha sherehe. Wazee waliuliza maswali mazito: umesoma nini, kitatufaa nini, je, wewe sasa ni mkubwa kuliko daktari wa hospitali ya wilaya? Mhitimu aliyejua kujibu maswali hayo kwa Kigusii safi, bila ya kujikweza na bila ya kuwadharau waulizaji, alihesabiwa kuwa amesoma kweli kweli.

Siku hizi joho linafika nyumbani, na pamoja nalo imekuja desturi moja mpya ambayo naipenda kupita kiasi. Mhitimu huvua joho lake na kofia yake, akamvika mama yake, au, ikiwa Mungu amemjalia, magokoro wake, na ajuza ambaye hakupata kushika kalamu husimama mbele ya wageni katika vazi la wanachuoni. Chinsoni haivunjwi hapo, kwa sababu mjukuu na bibi wana ruhusa. Lakini sijaona mara nyingi kijana akimvika baba yake mbele ya watu pasipo baba kuona haya kidogo, na wenye kuongoza sherehe, hasa wale vijana wa vipaza sauti wanaotoka mjini, wangefanya vyema wasimlazimishe.

Kitu kilichobadili mambo kuliko vyote ni kukaribia kwa chuo na kuongezeka kwa gharama kwa wakati mmoja. Mwaka 1991 serikali iliwataka wanafunzi wa vyuo vikuu wachangie gharama, posho ile waliyoiita bumu ikakoma, na mwaka 1995 ikaundwa bodi ya mikopo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Mjini Kisii, chuo cha walimu kilichoanzishwa mwaka 1965 kilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1994, kikawa chuo kishiriki mwaka 2007, na tarehe 6 Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Basi mtu wa Birongo, ambaye zamani alihitaji siku mbili kumwona mwanawe akihitimu, sasa hupanda matatu asubuhi na kurudi jioni. Na ukoo mzima, ambao zamani ulijitosheleza kwa picha, sasa wataka kwenda.

Papo hapo pakazuka taabu ya kadi. Chuo humpa mhitimu kadi chache za kuingilia, aghalabu mbili, na watu waliomsomesha ni hamsini. Nani ataingia? Wengi huwapa baba na mama bila ya kufikiri, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini nimeona nyumba zilizofikiri zaidi: baba akatoa kadi yake kwa mjomba aliyeuza ng'ombe mwaka wa tatu wa masomo, yeye akabaki nje ya ua pamoja na wengine, kwenye soko lile la siku moja la wauza mashada ya karatasi zinazometameta, wapiga picha na wauza mahindi ya kuchoma. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mtu wa Nyaribari aweza kumpa shemeji yake.

Kisha yakaja malipo kwa simu, M-Pesa, mwezi wa Machi mwaka 2007, na baada ya hayo makundi ya WhatsApp. Na hapa sina budi kusema waziwazi ninavyoona. Daftari limehamia simuni, na hilo peke yake halina ubaya, kwa maana wana wa Birongo walioko Mombasa na Nairobi sasa huchangia kwa dakika moja. Ubaya umeingia pale mchango ulipogeuzwa kuwa wa karamu. Picha ya kijana katika joho hutumwa kwa watu mia tatu kwa mkupuo mmoja, na chini yake nambari ya kupelekea fedha, na jina la mweka hazina, na kiwango. Nao waliotoa ada miaka minne iliyopita huisikia habari ya kufaulu kwa mtoto waliyemsomesha katika ombi la kununua keki na kukodi hema. Hilo si tangazo. Ni kumrudia mdai na kumkopa tena kabla hujamwambia kwamba deni la kwanza limekomaa. Nawasikia wanaosema kwamba dunia imebadilika na maisha ni ghali. Lakini karamu ya zamani ilipungua wenye nyumba walipokuwa hawana, na hakuna aliyekwenda kwa jirani kuomba ya kumlishia jirani huyo huyo. Uji wa wimbi na chai ya maziwa vilitosha.

Juu ya mahafali ya watoto wa chekechea, wanaovishwa vijoho na kofia za vishada katika shule za kibinafsi na kukabidhiwa vyeti wasivyoweza kuvisoma, sitasema mengi. Watoto hufurahi, na furaha yao ni halali. Ila mzazi asimtumie mtu kadi kwa ajili ya mahafali hayo akitazamia hidaya.

Kwa upande wa wasichana ndiko mahafali yalikotenda wema ambao naona haujatajwa vya kutosha. Zamani heshima ya hadharani ya msichana ilikuwa katika unyago wake na katika ndoa yake, siku ng'ombe wa mahari walipohesabiwa. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, shirika la Maendeleo ya Wanawake lilikwisha kuanzisha sherehe mbadala, kwanza Tharaka na kisha katika sehemu nyingine, Gusii ikiwamo, ili msichana avuke bila ya kisu. Lakini desturi haifi kwa kukatazwa, hufa inapopata mrithi anayefaa, na nyumba zilizomfanyia binti yao karamu kubwa ya kuhitimu, zikamwita shangazi, zikawaita wanawake wa ukoo waimbe, zimempa heshima ambayo kisu kilidai kumpa na hakikumpa. Hapa limezuka swali ambalo wazee wa kale hawakulijua: binti aliyeolewa akiwa masomoni, karamu yake ifanywe kwa baba yake au kwa mumewe? Nimesikia ukali wa pande zote mbili. Wakwe husema mahari yametolewa, naye ni wao. Wazazi husema ada ilitoka kwao tangu darasa la kwanza. Baadhi ya koo wamepata suluhu njema, kwa ibada ya shukrani kufanywa kwa wazazi na karamu kufanywa kwa mume, na wakwe wakaenda kwenye ile ya kwanza wamechukua blanketi la mama na shuka la bibi. Anayetaka kujua kama suluhu hiyo ni ya haki alitazame daftari.

Kuchagua siku kuna adabu yake pia. Waadventista ni wengi katika Gusii, na Jumamosi ni Sabato, kwa hiyo shukrani hutolewa kanisani siku hiyo, na karamu huwekwa Jumapili. Pombe haiwekwi mezani kwa nyumba hizo, wala mgeni mwenye staha haiulizii. Desemba ni mwezi mzito, kwa sababu likizo ndefu ya shule imelileta jando katika majira hayohayo ambapo vyuo huhitimisha, na nyumba moja huweza kuwa na kijana aliye kumbini na dada yake mwenye joho. Basi hekima ni kutosheleza lile la kumbi kwanza, kwani haliahirishiki. Na jirani akifiwa, hema hushushwa. Hakuna karamu ya mahafali iliyo nzito kuliko maiti ya mtu wa kijiji, na mhitimu aonekane matangani akichota maji na kupasua kuni, bila ya mtu kumkumbusha kwamba yeye ni msomi.

Wana wa Gusii waliohamia Marekani, na hasa wale wengi walioko Minnesota, katika Brooklyn Park na Brooklyn Center kaskazini ya Minneapolis, wameleta namna nyingine. Huko kadi ya kutangaza kuhitimu na kadi ya kualika karamuni ni vitu viwili mbali mbali: ya kwanza hutumwa hata kwa mtu ambaye hatazamiwi kufika, ili ajue tu, na haimwajibishi kutoa kitu, ya pili ndiyo humwita. Tena mhitimu aliyepewa hidaya huandika kwa mkono wake barua ya shukrani kwa kila aliyempa. Wamarekani wa Minnesota hufungua nyumba zao mchana kutwa siku ya karamu hiyo, mgeni akaingia, akatazama picha za mtoto tangu utotoni, akala, akatoka. Na Abagusii wa huko wameuchukua utaratibu huo na kuutilia obokima wa wimbi, mboga ya chinsaga na hotuba zisizokwisha. Wauguzi wanaohitimu huko baada ya kufanya kazi za usiku kwa miaka huwasha simu mezani ili walioko Birongo waone, ijapokuwa saa kumi za jioni za Mei huko ni saa sita za usiku huku, na bibi ameamshwa usingizini na kuketishwa mbele ya kioo kidogo. Katika yote yaliyotoka ng'ambo, hili la kutenga tangazo na mwaliko ndilo ningelitaka lishike mizizi kwetu, kwa kuwa linatenganisha shukrani na ombi.

Nayo kadi ya Birongo, ikiandikwa kwa adabu, haihitaji dhahabu pembeni wala maneno ya Kiingereza. Ingetosha iseme: Kwa Mzee na nyumba yake yote. Mwaka ule mlipotuletea gunia la mahindi na baraka zenu, jina lenu liliandikwa katika daftari letu. Mtoto amehitimu. Tumekuja kuwaambieni wenyewe, na siku ya Jumapili viti vyenu viko mbele. Msije na kitu. Kisha ipelekwe kwa mkono wa mhitimu, kwa miguu, akifuatana na mdogo wake ambaye ada yake bado haijalipwa, kabla ya picha yoyote ya joho kuonekana katika simu ya mtu; na akiwa hawezi kufika kwa sababu ya umbali, apige simu aseme kwa sauti yake, mmoja baada ya mmoja, kwa mfuatano ule ule ambao majina yaliandikwa.